Databesi ilikuwa GB 31, nimeitoa na kuirudisha imekuwa GB 9: data zimeenda wapi?

Wakuu, hili swali nimeulizwa na mwenye duka la spea ambaye namtunzia mfumo wa mauzo, tena kaniuliza kwa sauti ya mtu anayejiandaa kuita polisi. Seva yake ilikuwa inakaribia kujaa diski, nikashinda usiku kucha natoa databesi nzima ya MySQL kwenye faili la maandishi nairudisha upya, asubuhi nikamtumia ujumbe kwa furaha kabisa kwamba boss mambo safi, folda ilikuwa GB 31 sasa hivi ni GB 9. Nilidhani atanishukuru. Akapiga simu: "Kijana, GB 22 za data zangu umezipeleka wapi?"

Na ukifikiria ana haki ya kuuliza, maana kwa mtu wa kawaida faili ni kama gunia la mchele, likipungua kuna mtu kachota. Kwa hiyo naandika hapa kwanza kinachotokea humo ndani, alafu hatua za kufanya kazi hii bila kujiua, pamoja na namna ya kumthibitishia boss kwamba hakuna hata risiti moja iliyopotea. Nazungumzia MySQL yenye injini ya InnoDB, ndiyo wengi wetu tunayo. MariaDB inafanana nayo kwa sehemu kubwa ila usidhani kila amri ni ile ile.

Kwanza elewa trei za mayai

InnoDB haiandiki rekodi moja moja kwenye diski kama unavyoandika daftari. Inaandika kwa kurasa, na ukurasa mmoja kwa kawaida ni KB 16. Chukulia ukurasa ni trei ya mayai, trei inabeba mayai 30, na mayai yamepangwa kwa mfuatano wa ufunguo mkuu wa tebo (primary key, yani kitambulisho cha pekee cha kila rekodi).

Sasa ukifuta rekodi, umetoa yai. Trei haipungui ukubwa. Nafasi ya lile yai inabaki tupu ikisubiri yai lingine linalostahili kukaa pale pale, na hata trei ikibaki tupu kabisa haitolewi stoo, inawekwa pembeni itumike tena baadaye. MySQL haiwarudishii wenye diski nafasi yao kwa sababu tu umeandika DELETE. Unaweza kufuta nusu ya tebo leo, ukaangalia faili la .ibd (ndimo tebo inapokaa kwenye diski), likakutazama tu na ukubwa wake ule ule wa jana.

Yule mwenye duka mfumo wake ulikuwa na tebo inayoandika kila mtu alichobonyeza, yani mhudumu akifungua tu ukurasa wa bei, rekodi. Aliyeutengeneza kabla yangu akaweka kazi ya kufuta rekodi za zamani, kwa hiyo tebo ilifika mamilioni ya rekodi, zikafutwa, ila trei zikabaki. Hiyo peke yake ilikuwa sehemu kubwa ya zile GB 22.

Sababu ya pili ni ya kijanja zaidi na wengi hawaijui. Trei imejaa mayai 30, alafu linakuja yai ambalo kwa mfuatano linatakiwa kukaa katikati, kati ya la 14 na la 15. Halina pa kukaa. InnoDB inachukua trei mpya, inahamishia huko karibu nusu ya mayai, ndipo linaingizwa. Sasa una trei mbili na kila moja iko nusu. Ukitumia ufunguo unaoongezeka kwa mpangilio, 1, 2, 3 na kuendelea, hili halikusumbui sana maana mayai mapya yanaingia mwisho tu na trei zinajaa mpaka kama sehemu 15 kati ya 16, kanafasi kadogo kanaachwa kwa ajili ya marekebisho. Ila ukitumia UUID (vile vitambulisho virefu) za kubahatisha kama ufunguo mkuu, kila yai linataka kwenda sehemu yake isiyotabirika, trei zinagawanyika kila siku, na kwa wastani unaishia na trei zilizojaa karibu asilimia 69. Yani hata bila kufuta chochote, karibu theluthi moja ya faili lako ni hewa.

Ukieksporti, mysqldump (programu ya MySQL ya kutoa data kwenye faili la maandishi) inasoma rekodi moja baada ya nyingine, na kwa kawaida inazikuta kwa mfuatano wa ufunguo mkuu kwa sababu ndivyo zilivyopangwa. Inabeba mayai tu. Haibebi trei, haibebi nafasi tupu, na hata indeksi (orodha za kutafutia rekodi haraka) haizibebi, inaandika tu maelezo kwamba tebo hii iwe na indeksi fulani. Ukiimporti, mayai yanakuja kwa mstari, kila trei inajazwa vizuri kabla ya kufungua nyingine. Ndo maana faili linakuwa dogo na hakuna kilichoibiwa.

Hatua ya 1: pima kabla hujagusa kitu

Ingia MySQL, piga hii (jina la databesi hapa ni duka, weka lako):

```
SET SESSION information_schema_stats_expiry = 0;
SELECT table_name,
  ROUND(data_length/1024/1024) AS data_mb,
  ROUND(index_length/1024/1024) AS indeksi_mb,
  ROUND(data_free/1024/1024) AS wazi_mb
FROM information_schema.tables
WHERE table_schema = 'duka'
ORDER BY data_length + index_length DESC;
```

Ule mstari wa kwanza ni wa MySQL 8, maana huko takwimu hizi zinatunzwa kwa masaa 24 na unaweza kuwa unasoma za jana.

Safu ya wazi_mb isikudanganye. Inahesabu maeneo yaliyo wazi kabisa tu, kila eneo ni MB 1 yani kurasa 64 zikiwa tupu zote. Trei zilizo nusu hazionekani pale. Unaweza kuona wazi_mb ni 4 ukasema aah tebo hii iko safi, kumbe kila ukurasa uko nusu. Na kama tebo zako zote zimo kwenye faili moja la ibdata1, kila tebo itakuonyesha namba ile ile ya nafasi wazi, usizijumlishe, utapata GB ambazo hazipo duniani.

Angalia na folda yenyewe:

```
sudo du -sh /var/lib/mysql
sudo ls -lhS /var/lib/mysql | head -20
```

Hapo ndipo wengine wanakuta kumbe mchawi sio tebo bali ni mafaili ya binlog, yani logi ambamo MySQL inaandika kila badiliko la data. MySQL 8 inawasha binlog yenyewe na kuitunza siku 30. Kama ndo hiyo, piga SHOW BINARY LOGS uone ukubwa wake, na kama huna seva nyingine inayozisoma na huzihitaji kwa bakapu, punguza muda wa kuzitunza na kazi yako imeishia hapo, hakuna haja ya kukesha. Usizifute kwa rm tu, tumia PURGE BINARY LOGS.

Hatua ya 2: amua kama unahitaji kazi yote hii

Kama tatizo ni tebo moja au mbili na kila tebo ina faili lake (angalia kwa SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_file_per_table', ikisema ON basi tebo zinazoundwa zinapata faili lake, na ndivyo inavyokuja yenyewe tangu toleo la 5.6.6), basi hii inatosha:

```
OPTIMIZE TABLE kumbukumbu;
```

Itakujibu kwamba tebo hii haisapoti optimize, inaiunda upya badala yake. Watu wanashtuka wakiona ule ujumbe wanadhani imefeli, hapana, ndo kazi yenyewe imefanyika: imejenga faili jipya lililobana na kufuta la zamani. Shida yake ni moja, inahitaji nafasi ya kuweka faili jipya wakati la zamani bado lipo. Diski ikiwa imebaki na GB 2 na tebo ikijengwa upya itakuwa GB 5, hapo huendi popote, ndo unaona umuhimu wa kutoa data nje kwenye diski nyingine.

Alafu kuna ibdata1. Hili faili likishanenepa, huku kwenye MySQL hakuna amri ya kulikondesha. Seva za zamani lilikuwa linabeba tebo zote, na hata seva ambazo kila tebo ina faili lake, kwenye matoleo kama 5.7 bado lilikuwa linabeba kumbukumbu za kurudisha mabadiliko nyuma, kwa hiyo mtu mmoja akifungua transaksheni (kundi la amri linalosubiri kuthibitishwa) akaiacha wazi siku tatu akaenda zake msibani, matoleo ya zamani ya kila rekodi inayobadilishwa yanarundikana humo yakimsubiri yeye. Anarudi, anafunga, nafasi inakuwa huru kwa matumizi ya ndani lakini faili halirudi lilipokuwa. Kwa ibdata1 dawa ni kutoa kila kitu na kuanza na folda jipya, nitakuja huko.

Hatua ya 3: hesabu rekodi, andika pembeni

Hii hatua ndiyo ingeniokoa na ile simu ya asubuhi. Kwa kila tebo muhimu:

```
SELECT COUNT(*) FROM mauzo;
SELECT COUNT(*), SUM(kiasi), MIN(tarehe), MAX(tarehe) FROM malipo;
```

Usitumie ile table_rows ya information_schema kama ushahidi, kwa InnoDB ni makadirio tu na inaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 40 mpaka 50. Jumla ya pesa ni nzuri zaidi kuliko hesabu ya rekodi, sababu boss hajui rekodi ni nini ila jumla ya mauzo ya mwezi wa tatu anaijua kichwani.

Hatua ya 4: toa dampu, yani lile faili la maandishi lenye data (dampu, sio dampo la Pugu)

Simamisha kwanza mfumo unaoandika kwenye databesi. Najua --single-transaction inakupa picha moja isiyobadilika hata watu wakiendelea kuuza, lakini mauzo yatakayoingia baada ya picha kupigwa hayatakuwemo, na ukihamia upande mpya utakuwa umeyaacha nyuma. Fanya usiku, funga mfumo, lala kesho.

```
mysqldump -u root -p --single-transaction \
  --routines --events --hex-blob \
  --default-character-set=utf8mb4 \
  duka > /mnt/diski2/duka.sql
```

--routines na --events haziji zenyewe, ukizisahau tebo zitarudi zote ila zile prosija (programu ndogo zinazokaa ndani ya databesi) na kazi za ratiba hutaziona tena, na utagundua baada ya wiki mbili ripoti ya mwisho wa mwezi ikigoma. Triga, yani amri zinazojiendesha rekodi ikibadilika, zinakuja zenyewe. Ile utf8mb4 ni kwa ajili ya emoji, maana mysqldump za zamani zinatumia utf8 fupi na majina ya wateja waliojiita na moto na mioyo yanageuka alama za kuuliza.

Ikimaliza angalia mwisho wa faili:

```
tail -n 1 /mnt/diski2/duka.sql
```

Lazima uone "Dump completed" na tarehe. Usipoiona, dampu imekatika njiani, usiendelee.

Halafu usianze kulinganisha ukubwa wa dampu na ukubwa wa databesi, hivyo ni vitu viwili tofauti. Dampu haina indeksi kwa hiyo inaweza kuwa ndogo sana, lakini ni maandishi, namba kama 1234567890 ndani ya tebo inakaa baiti 4 na kwenye maandishi ni herufi 10, na picha ukizitoa kwa --hex-blob zinachukua mara mbili. Nimeshaona dampu kubwa kuliko databesi yenyewe.

Hatua ya 5: rudisha kwenye databesi nyingine, sio juu ya ile ile

```
mysql -u root -p -e "CREATE DATABASE duka_mpya CHARACTER SET utf8mb4"
mysql -u root -p duka_mpya < /mnt/diski2/duka.sql
```

Hapa kuna shimo. Umeona kwenye hatua ya 4 sijaweka --databases? Ukiiweka, ndani ya dampu linaandikwa agizo la USE duka, kwa hiyo hata ukisema naimporti kwenye duka_mpya, yenyewe inarudi kwenye duka ile halisi, na kwa sababu dampu inaanza na DROP TABLE kwa kila tebo, unakuwa unafuta tebo hai huku unakunywa chai.

Kuimporti kunachukua muda mrefu kuliko kueksporti, maana indeksi zote zinajengwa upya. Ikikuambia server has gone away, mara nyingi kuna mstari mkubwa kuliko kinachoruhusiwa, ongeza max_allowed_packet upande wa seva na upande wa mysql unayoimportia. Na kama binlog imewashwa, kila unachoimporti kinaandikwa na huko pia, kwa hiyo diski inaweza kujaa katikati ya zoezi la kupunguza matumizi ya diski. Imenikuta.

Hatua ya 6: linganisha

Rudia zile hesabu za hatua ya 3 kwenye duka_mpya. Zikifanana zote, sasa ndio uangalie ukubwa. Kuna CHECKSUM TABLE pia, inakupa namba moja kwa tebo nzima ukalinganisha pande mbili:

```
CHECKSUM TABLE duka.malipo, duka_mpya.malipo;
```

Zikifanana vizuri sana. Zikitofautiana usipige kelele kwanza, hesabu yake inategemea na muundo wa kuhifadhi rekodi, tebo iliyoundwa enzi za COMPACT ikizaliwa upya kama DYNAMIC inaweza kutoa namba nyingine wakati data ni zile zile. Rudi kwenye COUNT na SUM.

Mimi nilimpelekea yule mwenye duka karatasi ina safu mbili, kabla na baada, idadi ya risiti, jumla ya mauzo, jumla ya madeni ya wateja. Akazipitia kwa kalamu, akafika kwenye madeni akatulia. Nadhani alikuwa na matumaini kidogo kwamba anayodaiwa yeye na wasambazaji ndiyo yaliyopotea.

Hatua ya 7: hamia

Badilisha jina la databesi kwenye mipangilio ya mfumo, mpe yule yuza wa mfumo ruhusa kwenye duka_mpya, washa, uza bidhaa moja ya majaribio. Ile ya zamani usiifute siku hiyo kama nafasi inaruhusu. Siku ukiridhika, DROP DATABASE duka, na kama kila tebo ilikuwa na faili lake, diski inapata nafasi yake hapo hapo.

Kwa wale wa ibdata1, DROP haitasaidia, nafasi inabaki humo humo. Unatoa dampu ya kila databesi, unatoa na ruhusa za watumiaji kwa SHOW GRANTS (watumiaji hawamo kwenye dampu ya duka!), unazima seva, unahamisha folda zima pembeni kwa mv, kamwe sio rm, unaunda folda tupu lenye mmiliki mysql, unapiga mysqld --initialize, nywila ya muda ya root utaikuta kwenye logi ya makosa, ndipo unaimporti. Msichezee kufuta ibdata1 peke yake mkiacha mengine. Injini haitaelewa tena ni tebo ipi iko wapi.

Na wenye databesi nyingine?

SQLite ina kitu kile kile, piga PRAGMA freelist_count uone kurasa ngapi zimekaa bure, kisha VACUUM, ambayo kwa kweli ni kutoa na kurudisha kwa amri moja. PostgreSQL ni zaidi, huko hata UPDATE inaandika rekodi mpya na kuiacha ya zamani ikiwa maiti pale pale. VACUUM ya kawaida inazika maiti ili nafasi itumike tena lakini faili kwa kawaida halipungui. VACUUM FULL inaandika upya tebo yote, na inaifunga watu wasiiguse mpaka imalize, kwa hiyo usiipige saa nne asubuhi ofisi imejaa. Access wana Compact and Repair, na kwao ni lazima maana faili lao haliruhusiwi kuvuka GB 2.

Mambo mawili ya mwisho

Dampu ikiimportiwa, ufunguo mkuu unajazwa kwa mstari na unabana vizuri, ila indeksi nyingine, mfano ya jina la mteja, zinaingizwa rekodi moja moja kwa mpangilio ambao kwao ni wa vurugu, kwa hiyo zenyewe zinabaki na trei zilizo nusu. Ukitaka kubana na hizo, baada ya kuimporti piga ALTER TABLE mauzo FORCE, tangu 5.7 MySQL inazipanga kwanza ndipo inazijenga. Kwenye ile seva tebo ya mauzo ilipungua tena kidogo hapo, sio sana, ila ilikuwa na indeksi saba ambazo tano hazitumiki na mtu yeyote, na nilipozifuta hizo tano nilipata nafasi kubwa kuliko ujanja wote wa trei.

Lingine, wiki za kwanza utaona faili linakua upesi kuliko ulivyozoea, hasa kama ufunguo wako ni UUID. Trei zote umezijaza, yai lolote jipya la katikati linagawanya trei. Usiweke hili zoezi kwenye ratiba ya kila Jumapili, utakuwa unabana usiku na injini inapanua mchana. Ile seva mpaka naandika hivi imeshafika GB 11 na nimeiacha.